Gauni Moja, Basi Moja

Nilirudi shule nikiwa na miaka arobaini na sita, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, fundi wa nguo mwenye fremu yangu Mwanjelwa. Kanisani niliwaambia watu kwamba nina kiu ya elimu. Ukweli ni kwamba binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa anaongea na mwenzake sebuleni habari za kwadratiki, nami nikapita na beseni la nguo nikawaambia kwadratiki nzuri haipatikani Mbeya, waende Tunduma, tena waangalie isiwe ile inayochuja rangi. Waliitikia kwa heshima. Nilipofika uani nikasikia kicheko kilichozibwa na mto wa kochi; kumbe ni somo la hesabu, wala si kitambaa. Jumamosi iliyofuata nikaenda kujiandikisha.

Lilikuwa darasa la watu wazima tunaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Tulisomea kwenye shule ya msingi, Jumamosi asubuhi, kwenye madawati ya watoto. Mimi si mwembamba. Ili niingie kwenye dawati ilibidi nianze na mguu wa kushoto, nivute pumzi, kisha nimwombe mama lishe tuliyekaa naye asogee. Na kutoka ilikuwa ni kinyume chake, kwa hiyo sikuwa napenda kuitwa ubaoni. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imeshika, tumejifunga vitenge juu ya masweta mpaka darasa linafanana na mnada wa mitumba.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa binti mdogo, nadhani hakufika hata miaka ishirini na mitano. Kila Jumamosi alisimama mbele ya dawati langu kama mtoto aliyelelewa vizuri: "Shikamoo mama." Nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya mwenye nyumba. Dakika kumi baadaye alikuwa ananiambia, kwa adabu ileile, kwamba nilichoandika hakipo duniani.

Siku aliyoanza aljebra alisema, "Leo tunaingia kwenye mtajo."

Mimi nikasikia mtaji. Nikakaa sawa. Katika yote waliyotufundisha mpaka siku ile, ugunduzi wa metali na nani alitangulia kufika wapi, hapo ndipo nilipoona sasa serikali imenikumbuka. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na riba yake ni asilimia ngapi?"

Akaishusha chaki. "Riba ya nini, mama?"

"Ya huo mtaji."

Kijana muuza chipsi aliyekaa nyuma yangu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Mwalimu akaandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, M-T-A-J-O, akatueleza. Tuseme bodaboda anakutoza elfu moja ya kupanda tu, halafu mia tano kwa kila kilomita. Kilomita hatujui ni ngapi, kwa hiyo tunaziita x. Gharama yako ni elfu moja jumlisha mia tano x. Ukijua kilomita, unaweka mahali pa x, unapata jibu.

"Mwalimu," nikasema, "bodaboda wa hapa kwanza anaangalia viatu vyako."

"Huyu wa ubaoni haangalii viatu, mama."

Nikampenda huyo bodaboda. Nikaupenda mtajo wenyewe. Miaka ishirini na mbili nilikuwa napigia wateja hesabu kichwani, huku nimebana pini mdomoni, kumbe kazi yangu ina lugha yake ya kitaalamu. Mwalimu akaingia kwenye kurahisisha: tatu x jumlisha tano x ni nane x. Nikaandika. Nikaona ni kitu chepesi, unajumlisha namba, x unaiacha palepale kama kishikizo. Wakati huohuo simu ikaita: mteja wa kipaimara amefika dukani na gauni la mwanaye halifungiki zipu. Nikamwomba mwalimu ruhusa, nikatoka kwenye dawati kwa taratibu zake, nikaondoka. Sehemu ya pili ya somo, ile ya vitu ambavyo havijumlishiki, niliikosa.

Jumanne yake akaja dukani mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito. Alikuwa ametoka Iringa kumsalimia mdogo wake hapa Mbeya, na alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama ya kanisa lao. Mdogo wake alikuwa amevaa gauni nililomshonea, akalipenda, akaja na daftari lenye vipimo vya akina mama wote, kifua, kiuno, nyonga, urefu, vimeandikwa vizuri kama mahudhurio ya shule.

"Tuko thelathini na nne," akasema. "Vitenge tunavyo, nitakutumia kesho. Nataka kujua ufundi wako ni bei gani, na kutuletea."

Siku zote ningemjibu kabla hajamaliza sentensi. Ufundi elfu kumi na nane kwa gauni. Magunia mawili kuyapakia kwenye basi la Iringa, elfu nane yote. Ningefumba macho kidogo, ningesema jumla, tungeanza kuvutana. Lakini siku ile nilikuwa msomi. Nikachukua daftari langu la shule, nikalifungua mahali penye karatasi safi, nikavaa miwani.

"Subiri mama, siku hizi nafanya kitaalamu."

Nikaandika: 8,000 + 18,000x. Nikaligeuza daftari alione.

Akaisogelea ile karatasi kwa wasiwasi. "Hiyo x ni nini? Ni kodi?"

"Hapana mama, hiyo ni nyie."

"Sisi?"

"Idadi yenu. Sasa tunarahisisha." Nikajumlisha nane na kumi na nane, nikapata ishirini na sita, x nikaiacha palepale. Elfu ishirini na sita x. Nikachukua simu, nikapiga elfu ishirini na sita mara thelathini na nne, nikamwonyesha kioo. "Laki nane na themanini na nne elfu."

Mama mwenyekiti alitazama kile kioo, akatazama daftari, akanyamaza. Nilidhani ameduwazwa na elimu. Nikamwongezea kwamba kwa njia hii hakuna kuonewa, wala mimi wala yeye, kwa sababu hesabu haina upendeleo.

"Sawa," akasema. Hakuvutana hata kidogo. Aliniachia laki nne ya kuanzia, akaniaga, akaondoka kwa haraka fulani ambayo niliikumbuka baadaye.

Nilishona wiki tatu. Jumamosi mbili sikwenda darasani kabisa, na ile ya tatu nilikwenda nikasinzia juu ya ramani ya Afrika, na mwalimu wa hesabu hakuwepo. Magauni yakaisha, nikayapakia kwenye basi, nikalipa elfu nane. Akina mama wakayapokea, na siku hiyohiyo nikatumiwa kwenye simu fedha iliyobaki, yote, bila pungufu na bila malalamiko. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Katika maisha yangu ya ufundi sijawahi kuiona kwaya inayolipa kwa wakati.

Nikanunua overloki ya mtumba, mashine ya kushona kingo za kitambaa zisichanuke, niliyokuwa naitamani tangu mtoto wangu wa mwisho alipokuwa ananyonya. Na kwa kuwa kazi ile ilikuwa imenilipa kuliko zote, nikaanza kuhubiri. Nilimwambia mume wangu elimu ina faida. Nilimwambia jirani yangu muuza viatu kwamba tatizo lake si wateja, ni kwamba hana mtajo. Nilimwambia hata binti yangu. Yeye alinitazama kwa upole wa kutisha, akasema, "Hongera mama," akaendelea kula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani mapema, nimevaa gauni langu la sikukuu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amerudi. Akanipa shikamoo yangu, kisha akasema tutarudia mitajo maana wengi tumeharibu zoezi.

"Mama, wewe ni fundi. Njoo utupe mfano wa kazini kwako."

Nikatoka kwenye dawati kwa mara moja, bila kumwomba mtu asogee. Nikaandika 8,000 + 18,000x, nikaweka alama ya sawasawa, nikaandika 26,000x. Nikapigia mstari chini, nikapangusa chaki mikononi.

Mwalimu alikuja akasimama karibu yangu. "Mama, hiyo elfu nane ni ya nini?"

"Ya kutuma mzigo kwa basi."

"Mzigo wote?"

"Wote. Ni mara moja tu."

"Na x?"

"Idadi ya magauni."

"Tuseme magauni ni mawili. Kwa huu mtajo wako wa mwisho ni kiasi gani?"

"Elfu hamsini na mbili."

"Haya. Sasa sahau ubao. Mimi ni mteja, nimekuja dukani, nataka magauni mawili na uyatume. Nitajie bei."

Nikafumba macho kidogo, kama kawaida yangu. "Ufundi thelathini na sita. Basi nane. Arobaini na nne elfu."

Nikafumbua macho. Mwalimu alikuwa ananisubiri bila haraka, na nilimwona kabisa kwamba anataka nifike mwenyewe.

"Nane nyingine imetoka wapi, mama?"

Kabla sijajibu, yule muuza chipsi akadakia kutoka nyuma: "Gauni moja, basi moja! Kila gauni limekatiwa tiketi yake!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama lishe alipiga dawati. Nami nikacheka, nikacheka kwa nguvu kuliko wote, maana nisingecheka ningekaa chini palepale sakafuni.

"Magazijuto," akasema mwalimu kelele zilipopungua. "Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kati ya kuzidisha na kujumlisha kipi kinatangulia?"

"Kuzidisha," nikasema. Nililijua lile neno tangu darasa la tano. Nilikuwa nalikumbuka kama jina la mtu niliyesoma naye, bila kukumbuka tabia zake.

"Kwa hiyo elfu nane inakaa peke yake, inasubiri. Haina x, haijumlishwi na yenye x. Hebu chagua idadi yoyote ya magauni, tutafute thamani kwa njia zote mbili tuone tofauti."

"Thelathini na nne," mdomo wangu ukasema.

"Kwa nini thelathini na nne?"

"Ni mfano tu, mwalimu."

Akaandika mwenyewe. Njia ya kweli: elfu kumi na nane mara thelathini na nne ni laki sita na kumi na mbili elfu, jumlisha nane, laki sita na ishirini elfu. Njia yangu: laki nane na themanini na nne elfu. Tofauti: laki mbili na sitini na nne elfu. Akaizungushia duara. "Mnaona? Mteja angepata hasara kubwa sana." Nikasema naona. Nikarudi kwenye dawati, na safari hii sikuweza kuingia kabisa. Nilimaliza kipindi nimekaa upandeupande.

Wiki mbili zilizofuata nilijifunza mambo kunihusu ambayo hayakuwemo kwenye mtaala. Nilijiambia kwamba wao walikubali kwa hiari. Nilijiambia kwamba kodi ya fremu imepanda. Nilijiambia kwamba huenda ni baraka, na baraka haikaguliwi. Kila nilipokanyaga ile overloki ikanguruma, nilisikia wanawake thelathini na nne wanaimba. Mwishowe nilimweleza mume wangu, nikitegemea anitetee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ni fundi wa magari, hasemi sana. "Sasa unaniuliza mimi nini?" akasema. "Si unajua tofauti ni kiasi gani? Imezungushiwa duara."

Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika. Tuko wanawake kumi na wawili tunaochangishana kila wiki na kumpa mmoja. Nikachukua ile fedha, nikatenga laki mbili na sitini na nne elfu kwenye bahasha, nikapanda basi la alfajiri la Iringa. Ningeweza kuituma kwa simu. Lakini nilihisi kwamba jambo hili linataka uso. Njia nzima, kuanzia mashamba ya mpunga ya Mbarali mpaka upepo wa Makambako, nilikuwa natunga hotuba. Kufika Mafinga hotuba ilikuwa na utangulizi, Maandiko na machozi mahali pawili.

Nilikuwa nimemuuliza kwa simu anapatikana wapi, akanielekeza sokoni. Nikamkuta ameketi nyuma ya rundo kubwa la vitunguu, anawahudumia watu watatu kwa pamoja: huyu anarudishiwa chenji, huyu anapunguziwa, huyu anaambiwa ametoa pungufu. Hakutumia simu wala karatasi. Nilipoona kasi ya vile vidole nikaikumbatia bahasha.

"Kamwene mama," nikasema. Hicho ndicho Kihehe changu chote.

"Kamwene! Fundi wa Mbeya! Karibu, karibu." Akanisogezea ndoo iliyogeuzwa chini juu, nikakaa. "Umekuja na mitindo mipya?"

Hotuba yote ikapotea. Nikatoa daftari. "Mama, nimekuja kutubu. Ile siku nilikosea hesabu. Elfu nane ya basi niliijumlisha kwenye kila gauni. Ilitakiwa laki sita na ishirini. Nimewazidishia laki mbili na sitini na nne elfu. Hizi hapa."

Hakuipokea bahasha. Alinitazama, kisha akatazama daftari kama alivyolitazama siku ile.

"Kwa hiyo gauni lilikuwa kumi na nane?"

"Kumi na nane."

"Kushona tu? Na bitana?"

"Na bitana."

Akapiga makofi mara moja, kimya kimya, kama mtu aliyeona ajali. "Mwanangu! Fundi wetu wa hapa alitaka ishirini na nane, tena bila bitana. Wewe ulipotaja laki nane na themanini na nne nikagawanya kichwani, nikaona ni ishirini na sita kila gauni. Nikasema moyoni, nyamaza, huyu akigundua ni bei rahisi atapandisha. Ndiyo maana niliondoka haraka."

Sikujua nicheke au nilie. Wiki mbili nilikuwa nimejiona jambazi wa kwaya, kumbe mwenzangu naye alitoka dukani kwangu akijiona yeye ndiye aliyeniibia. Na katikati yetu ilikuwepo habari nyingine ambayo sikuja kuitafuta: kwamba miaka ishirini na mbili nilikuwa najilipa pungufu ya jasho langu, kwa hesabu sahihi kabisa.

"Kwa hiyo bei ilikuwa ya haki," nikasema taratibu, na mkono wangu wenye bahasha, nakiri, ukaanza kurudi kwangu wenyewe.

"Ya haki kabisa," akasema mama mwenyekiti. Akanyoosha mkono akaichukua bahasha kabla haijafika mbali. "Lakini kwa vile umeshaileta, na umesafiri nayo, na ni ya kwaya, fedha ya kwaya haikataliwi. Mungu akubariki sana." Akaihesabu mara mbili, tena kwa kasi ileile, akaitia kifuani. Kisha akakumbuka kitu. "Ila magauni manne yanabana kwapa. Tunainua mikono kwenye pambio, yanatuvuta. Umefanya vizuri kuja, utaondoka nayo."

Alinipeleka kwake mchana, akanipa ugali na samaki wabichi wa kuungwa, akaita wale akina mama wanne wenye makwapa. Nikawapima upya sebuleni. Vipimo vya kwenye daftari vilikuwa vya uongo. Kila mmoja alikuwa amejipunguzia inchi mbili kwa hiari yake. Hawakutubu. Mmoja aliniambia kwamba kitambaa kilirudi kwenye maji. Nikasema ndiyo, vitenge vya siku hizi vina tabia hiyo.

Nilirudi Mbeya kesho yake na magauni manne kwenye mfuko, gunia dogo la vitunguu nililopewa zawadi, na nauli ya kwenda na kurudi iliyotoka mfukoni mwangu. Wiki ileile nikabandika bei mpya ukutani: ufundi wa gauni, elfu ishirini na tano. Niliibandika nikiwa nimeupa mlango mgongo ili nisione sura za watu. Mteja wa kwanza aliisoma, akauliza kama naweza kumalizia Ijumaa. Hakuuliza jingine. Mteja wa pili aliisoma akatoka nje moja kwa moja, na mimi, kwa aibu, nilimkimbilia nusu ya barabara kabla sijakumbuka kusimama.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata. Matokeo yalipotoka, mwalimu alinipigia simu mwenyewe, sauti yake inapaa kwa furaha: "Shikamoo mama! Hesabu umepata D!" Nilikuwa nampima mteja kiuno. Nikamuuliza mwalimu kama D ni kufaulu. Akasema ni kufaulu. Nikamuuliza tena. Nilipokata simu nilimwambia mteja yote, kwamba nimefaulu hesabu, mtihani wa taifa, katika umri huu. Akanipa mkono, akanipongeza kwa dhati, akainua tena mikono nimpime, akauliza kama gauni lake bado ni Ijumaa.